Nchi Iliyokuwa Chini ya Lori Bovu

Wewe uliyewahi kuteremka mlima wa Marich ukiwa juu ya magunia ya mahindi, huna haja ya kuelezwa. Kwa wengine nitasema tu kwamba baridi ya Kitale inakuacha ghafla, kama mtu aliyekuwa amekushika mkono akauachilia, kisha joto linapanda kutoka bondeni na kukukuta njiani. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumemzika mama wiki mbili kabla. Baba alikaa mbele na dereva, mimi nikakaa juu ya magunia na turniboi, utingo wa lori, nimekumbatia sufuria ya mama ambayo ndani yake nilikuwa nimefungiwa nguo zangu zote. Baba alikuwa fundi wa magari makubwa, na alikuwa amepata kazi Lodwar. Nilipomuuliza kwa nini twende mbali hivyo, alisema, "Huko hakuna mtu anayetujua," kana kwamba hiyo ilikuwa sababu ya kutosha.

Safari ilichukua siku tatu. Kule Kainuk tulisubiri malori mengine yafike ili twende pamoja na askari, kwa sababu ya majambazi. Tulipopita Lokichar gurudumu la nyuma likapasuka. Baba alishuka kusaidia, na nati moja ikamponyoka ikapotelea mchangani. Nilianza kuinama huku na huku nikiitafuta. Akanishika bega. "Nati ikianguka mchangani usiitafute kwa macho," alisema. "Funga macho, tafuta kwa vidole." Nikapiga magoti katika mchanga uliochoma kama majivu, nikafunga macho, nikaipata. Lakini nilikaa hivyo kwa muda, macho yamefungwa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kutafuta kitu kingine. Nilitaka uso wa mama. Haukuja. Kilichokuja ni mkono wake wa kushoto tu, na lile kovu la moto lililokuwa chini kidogo ya kiwiko, lenye umbo la jani, alilolipata siku uji ulipommwagikia kabla sijazaliwa. Wiki mbili tu, na tayari nilikuwa nimebaki na mkono.

Lodwar tulikaa mwaka na miezi. Chumba chetu cha mabati kilikuwa nyuma ya gereji, na mchana mabati yalilia yenyewe kwa joto, tak, tak, kama mtu anayehesabu. Kijani pekee ilikuwa kando ya mto Turkwel. Punda walipita na mitungi ya maji, upepo ukapita na kila kitu kingine. Kulikuwa na mgeni mmoja, mhandisi wa visima, mwenye ndevu nyekundu, ambaye gari lake lilikaa gerejini zaidi kuliko lilivyokaa barabarani. Kila Jumamosi alasiri yeye na wenzake wawili waliketi barazani wakicheza mchezo ambao sikuwa nimeuona popote. Haukuwa na ubao wala karata. Walikuwa na karatasi, dadu za maumbo ya ajabu, na maneno. Mtu mzima mwenye mshahara na ufunguo wa gari alisema kwa uso mkavu kwamba sasa anavuka kinamasi, na mwenzake akamwambia kinamasi kina macho.

Nilipeleka spana nikasahau kurudi. Siku moja mhandisi akanieleza, kwa Kiswahili chake cha kuchonga. Mmoja anaishika nchi. Wengine wanatembea ndani yake. Anayeishika anajua kilicho nyuma ya kila mlima, lakini hasemi mpaka mtu afike. Mtu akitaka kufanya jambo gumu, anarusha dadu. Ni hayo tu. Alipomaliza kazi na kurudi kwao aliondoka na vitabu vyake, lakini aliniachia kopo la peremende lenye dadu tano. Kubwa kuliko zote ilikuwa na pande ishirini. Ninayo hadi leo. Imesafiri nami miji mingi kuliko mke yeyote angeweza kuvumilia, na namba zake zimefutika, imebaki kama kokoto.

Kisha baba akaitwa Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilikuwa imefunguliwa si zamani, malori ya chakula yalikuwa yakija mengi na kuharibika mengi, na gereji mpya ilijengwa upande wa kambini, ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga unaojaa maji siku chache kwa mwaka. Shule ya mjini haikuwa na nafasi, hivyo nikaingia shule ya kambini, darasa la watoto tisini chini ya turubai, wengi wao wavulana kutoka kusini mwa Sudan waliofika bila wazazi. Kiranja wetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kumi na tatu, au kumi na nne, hakujua. Miguu yake ilikuwa mirefu hivi kwamba alipokaa magoti yalifika karibu na masikio. Alikuwa ameondoka kwao akiwa mdogo sana, siku kijiji kilipochomwa, akatembea na wengine hadi Ethiopia, akafukuzwa huko kwa risasi, akatembea tena hadi Kakuma. Alilinyamazisha darasa kwa kuliangalia tu.

Gerejini kulikuwa na lori moja bovu lililopandishwa juu ya mapipa, halina injini wala magurudumu. Chini yake kulikuwa na kivuli bora kuliko vyote Kakuma. Palinuka grisi na vumbi, na mchanga wake ulikuwa baridi kidogo kama ukichimba kwa kisigino. Hapo ndipo nilipomwonyesha kiranja dadu zangu, na hapo ndipo alipojiunga nasi msichana wa Kiturkana aliyekuwa akiuza mkaa kwa wakimbizi. Hakualikwa. Alikuwa akipita na gunia lake kichwani, akaona kivuli, akatua mzigo, akaingia. Alitutazama kwa muda mrefu huku akitafuna makoma, yale matunda magumu ya mkoma yanayogeuza meno kuwa ya kahawia.

"Hii ni mchezo gani?" akauliza.

"Tunatengeneza nchi," nikasema.

Akaangalia kipande cha boksi tulichokuwa tumekichora. "Iko mto. Iko mlima. Mbuzi iko wapi?"

"Hatujafika kwa mbuzi."

"Sasa hao watu yako wanakula nini? Mlima?"

Kiranja akacheka hadi akagonga kichwa kwenye chesisi. Tangu siku hiyo tukawa watatu.

Nataka uelewe jinsi tulivyoijenga ile nchi, kwa sababu sijawahi tena kufanya kazi yoyote kwa bidii ile. Ramani tulichora nyuma ya maboksi ya mafuta ya kupikia, tukayashona kwa nyuzi tulizochomoa kwenye magunia, hadi ikawa na ukubwa wa mkeka wa kulalia watu wawili. Milima tulipaka mkaa, bure, kwa hisani ya mwenzetu. Mito tulipaka ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo kiranja aliiomba zahanati akisema ana kidonda mguuni. Kila siku alikuwa na kidonda kipya. Vidole vyetu vilikuwa vya zambarau mwaka mzima, na baba alizoea kuniuliza mezani kama nakula kwa mkono au kwa biringanya.

Asubuhi nilipanga foleni ya maji na majerikeni mawili, kisha shule, kisha nilifagia gereji na kuosha vyuma kwa dizeli. Kiranja alikuwa na zamu yake ya kupika katika kikundi cha wavulana wanane, mahindi yasiyoiva na dengu, juu ya kuni ambazo hazikutosha kamwe. Msichana alitembea tangu alfajiri na mkaa wake. Alasiri jua lilipokuwa limekaa juu ya kila kitu kama kifuniko, tulitambaa chini ya lori, na hapo tulikuwa na mito.

Mimi niliishika nchi, kwa kuwa dadu zilikuwa zangu. Lakini kila mmoja alileta vitu vyake. Msichana alileta mbuzi wanaojua njia ya nyumbani hata kwenye tufani. Mimi nilileta jiji lililojengwa ndani ya magari yaliyokufa. Kiranja alileta Mfalme wa Kadi, ambaye hadi leo ananitia baridi. Huyo alikaa katika nyumba ya mabati isiyo na dirisha kwenye lango la kila mji. Ukitaka kuingia ukanywe maji unampa kadi yako, naye anaitoboa tundu, kama zilivyotobolewa kadi za chakula za wakimbizi. Lakini kila tundu ni jambo moja unalosahau.

"Na kadi ikijaa tundu?" nikamuuliza.

"Basi. Unakaa hapo. Unamfanyia Mfalme kazi, na unafikiri wewe ni wa hapo."

Msichana akatema kokwa. "Mimi sina kadi," akasema. "Kwetu hakuna mtu alitupatia kadi. Mimi napita na mbuzi yangu." Ikawa sheria. Katika nchi yetu ni yeye peke yake aliyeweza kumpita Mfalme, na alitembea kifua mbele.

Msafiri wa kiranja alikuwa na haja moja tangu siku ya kwanza: alikuwa akitafuta nyumba ya mama yake. Kila mchezo ulianzia hapo. Nilijua, kwa akili ya mtoto, kwamba akiifikia nyumba hiyo mchezo utakuwa umekwisha, kwa hiyo niliisogeza mbali zaidi, nyuma ya mlima mwingine, ng'ambo ya mto mwingine. Mwanzoni nilimwomba anipe vitu vya kwao ili nchi iwe na nyama. Alinipa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe uliofukuza mbu jioni, na majivu yake waliyojipaka. Alinipa nyumba kubwa ya nyasi ya kulaza ng'ombe, yenye paa kama kofia. Alinipa nyasi ndefu zilizomfunika kichwa. Kisha akaishiwa. Alikuwa mdogo sana alipoondoka, na njia ilikuwa ndefu. Basi palipokosekana kitu, niliweka mimi. Mto wa kwao niliutilia mawe matatu makubwa ya kuvukia, kwa sababu nilikuwa nikiwaza mafiga ya jikoni kwetu. Nilimtilia jirani kipofu anayetengeneza ngoma. Jua nililichomozesha upande wa nyuma ya nyumba. Kiranja alitikisa kichwa kukubali kila kitu. "Eeh," alisema. "Hapo hapo."

Siku moja msafiri wake alifika sokoni, akarusha dadu ya pande ishirini, ikalala kwenye kumi na tisa. Kwa sheria zetu nilikuwa na deni la habari kubwa. Nikamwambia kwamba muuza chumvi amemwona mwanamke akipita kuelekea kaskazini, huenda ni mama yako.

"Anafanana vipi?" akauliza kiranja.

Sikuwa na mwanamke wa kumpa isipokuwa mmoja. Nilifunga macho, nikatafuta kwa vidole. Nikampa mkono wa kushoto na lile kovu. Nikaeleza uji ulivyomwagika. Siku zilizofuata nilimpa alivyoshika kikombe kwa kingo, hata chai ikiwa ya moto, na alivyomwita mtoto wake "mzee wangu" akitaka kumtuma. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyompa kiranja, ndivyo mama alivyonirudia. Chini ya lori lile nilimpata kipande kwa kipande, na kila kipande tulikichora kwenye ramani. Siku nyingine mmoja wetu, mimi au yeye, akasema mwanamke huyo huimba akipepeta nafaka, wimbo usio na maneno, sauti tatu zinazopanda na moja inayoshuka. Tukawa tunauimba kila msafiri alipokaribia kijiji, ili kama mama yumo ndani asikie.

Mwaka wa pili akaja karani wa barua. Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa Mkenya, mpole, mwenye baiskeli na faili, na kazi yake ilikuwa kutafuta ndugu waliopotezana. Alileta barua zisizo na bahasha kutoka ng'ambo ya mpaka, na aliandika habari za watoto waliokuwa peke yao. Zamu ya kiranja ilipofika aliniomba niketi naye. Tuliketi kwenye benchi nje ya turubai la shule.

Majina alikuwa nayo: la kwake, la baba, la babu, na la baba wa babu, kama walivyofundishwa wote. Jina la mama hakulijua. Alimwita Mama tu. Karani akaeleza kwamba majina yale yanafanana mno, kwamba katika faili lake kuna wavulana watano wenye majina matatu yaleyale, kwa hiyo alama ndizo zitakazosaidia.

"Mama yako alikuwa na alama yoyote mwilini, kijana?"

"Mkono ya kushoto," kiranja akasema bila kusita. "Kovu ya moto, kama jani. Uji ilimwagikia yeye."

Nilimgeukia nikitarajia anikonyeze. Hakunikonyeza. Alikuwa akitazama mbali, juu ya mabati ya kambi, kama mtu anayeona. Karani akaandika. Akauliza kuhusu kijiji. Kiranja akamwambia kuna mto wenye mawe matatu ya kuvukia, na jirani kipofu mwenye ngoma, na jua linachomoza nyuma ya nyumba. Karani akaandika yote.

Sasa utaniuliza kwa nini sikusema neno. Nimejiuliza mwenyewe katika vyumba vingi vya kupanga, Mombasa, Mwanza, Kisangani, kila mahali nilipojaribu kukaa nikashindwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilijua ukweli na uwongo. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike, kulikuwa na mtu mzima mwenye kalamu na faili aliyekuwa akimtafuta mama yangu. Alikuwa ameandikwa kama mtu aliye hai.

Ilipita miezi mingi. Mvua ilinyesha mara moja, laga ikafurika, ikachukua mbuzi na choo cha shule. Kisha siku moja karani akaja hadi gerejini na baiskeli yake akimtafuta kiranja. Tulitoka chini ya lori tukiwa na mchanga nywelani. Karani hakutabasamu, alikuwa makini. Alisema kuna mwanamke upande wa pili, mbele ya mpaka wa Nadapal, katika kundi la watu waliokimbia vita, anayemtafuta mtoto wa kiume. Majina matatu yanalingana. La nne hakuna aliyelisikia vizuri.

Kiranja alisimama wima kama alivyosimama mbele ya darasa. "Mkono yake?" akauliza.

Karani akafungua faili ingawa nadhani alikuwa analijua jibu. "Wamemwangalia. Hana kovu lolote. Na anasema kwao hapakuwa na mto. Palikuwa na bwawa." Akafunga faili taratibu. "Pole, kijana. Lazima tuwe waangalifu. Kuna akina mama wengi wanaotaka mtoto, na watoto wengi wanaotaka mama."

"Siye," kiranja akasema. "Mama yangu iko na kovu."

Karani akapanda baiskeli. Kiranja akarudi chini ya lori, akakaa mbele ya ramani, akachukua dadu. "Tuendelee," akasema. "Nilikuwa nimefika wapi?"

Nilimwambia alipofika. Mungu anisamehe, niliendelea kucheza. Nilikuwa nikiongea, na sauti yangu mwenyewe ikanitisha. Jua lilipopungua kiranja alikwenda kupika. Msichana hakuondoka. Alikuwa akifunga gunia lake kwa kamba, polepole kuliko kawaida.

"Mtoto wa fundi," akasema, "huyo mama ya kovu si ya yeye."

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Ukisema yeye, unashika mkono yako." Akagusa mkono wangu wa kushoto chini ya kiwiko, kwa kidole kimoja cheusi cha mkaa. "Kila siku hapa. Mimi naona. Mama yako alikufa, si ndiyo? Sasa unampatia yeye maiti, anaacha mtu hai kule."

Akapandisha gunia kichwani akaenda. Mkononi mwangu kilibaki kidoa cheusi, mahali pale pale pa kovu.

Siku iliyofuata nilimwambia kiranja. Nilimwambia kila kitu mfululizo, kuhusu Kitale, uji na mafiga. Nilitarajia anipige. Heri angenipiga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaikunjua ramani yote mchangani na kunipa kipande cha mkaa.

"Toa vyako," akasema.

Tulifanya kazi hiyo alasiri nzima, sote watatu tukiwa tumelala kifudifudi. Kovu nililifuta kwa kulipaka mkaa. Kikombe nikakifuta. "Mzee wangu" nikaifuta. Kipofu wa ngoma, mawe matatu. Lakini tulipofika kwenye mto wenyewe nikasimama. Sikukumbuka. Huenda yeye ndiye aliyesema mto kwanza, huenda ni mimi. Yeye naye hakukumbuka. Jua lilichomoza nyuma ya nyumba kweli, au niliamua tu? Palikuwa na mti mlangoni? Kila alipofunga macho aliniambia anauona mti, anaona na mawe, anaona na kovu, vyote sawasawa, hakuna kilichokuwa hafifu kuliko kingine. Akaokota dadu kubwa, akasema, "Juu ya kumi, mto ni yangu," akainua mkono arushe.

Msichana akaidaka ngumi yake. "Hiyo si ya kuuliza mama," akasema.

Kiranja aliiacha ngumi yake ndani ya mkono wa msichana. Hakulia. Alitoa sauti moja kama ya mtu anayeinua kitu kizito, basi.

Mwisho tulibaki na vitu vitatu ambavyo tulikuwa na hakika navyo: moshi wa mavi ya ng'ombe, nyumba ya nyasi, na nyasi ndefu. Tulikimbia navyo kwa karani, tukampata akifunga ofisi yake ya mabati. Nilieleza mimi, kwa sababu ilikuwa haki nieleze mimi. Aliketi tena. Alitazama vidole vyangu vya zambarau kwa muda, sijui aliwaza nini, lakini hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamwambia kiranja, kwa upole, "Hivi vitatu, kijana, kila mtoto wa kwenu anavyo."

Hata hivyo aliandika upya. Alituma karatasi nyingine kuomba yule mwanamke aulizwe tena, asiulizwe kuhusu kovu, aulizwe yeye anakumbuka nini kuhusu mtoto. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Pale lile kundi lilipokuwa palikuwa pameshambuliwa, watu wametawanyika, wengine vichakani, wengine kuelekea Ethiopia. Hakuna aliyejua yule mwanamke alikwenda na kundi gani. Karani alisema ataendelea kuuliza. Kila alasiri kiranja alikuwa anakwenda kusimama nje ya ofisi ile, na kila alasiri karani alitikisa kichwa kabla hajafika mlangoni, ili asimchoshe na hatua za mwisho.

Chini ya lori hatukurudi tena sote watatu. Nilienda peke yangu mara mbili tatu. Ramani iliyojaa mkaa ilifanana na mahali palipochomwa.

Kisha mkataba wa baba ukaisha. Alikuwa amepata kazi kiwandani, Thika, na tungeondoka na lori lililokuwa likirudi Kitale tupu. Asubuhi ile upepo ulikuwa umeanza mapema, unasukuma vumbi barabarani kwa urefu wa magoti. Msichana alipita na mkaa wake, akasimama, akatoa makoma sita kwenye kitambaa chake akanirushia moja baada ya jingine pale juu ya lori nilipokaa. "Kula," akasema. "Nchi yenu haikuwa na chakula." Akaenda bila kugeuka, na nikajua hajakasirika.

Kiranja alikuja wakati dereva alikuwa ameshawasha injini. Nilinyoosha mkono nikampa kopo la dadu. Alitoa nne, akaitazama ile kubwa, akanirudishia. Alikuwa amenyoa nywele, na alionekana mzee. Nilitaka kumwomba msamaha kwa mara nyingine, lakini nilikuwa nimeshaomba mara nyingi hadi neno likawa halina ladha. Akaweka mkono kwenye ubao wa lori.

"Mtoto wa fundi. Nataka kuuliza kitu moja."

"Uliza."

"Ile wimbo. Akipepeta." Akauimba, pole pole, tatu zikapanda na moja ikashuka, juu ya kelele ya injini. "Hiyo sisi hatukufuta. Ni ya nani?"

Nilifunga macho. Nilitafuta kwa vidole, kama nilivyofundishwa, nikatafuta jikoni kwetu Kitale, mlangoni, kwenye ungo, kwenye mkono wenye kovu. Mkono ulikuwepo. Ungo ulikuwepo, unapanda na kushuka. Lakini mdomo wa mama sikuuona, na kama ulikuwa ukiimba sikuweza kusikia. Dereva akatia gia. Baba akaniita kutoka mbele nishike vizuri.

"Ni yako," nikasema.

Akaniangalia aone kama nacheza. Kisha akatikisa kichwa kukubali, mara moja, akaondoa mkono kwenye ubao. Lori likaondoka. Alisimama katikati ya barabara hadi vumbi likamchukua kuanzia miguuni kwenda juu, na midomo yake ilikuwa ikienda, nadhani alikuwa akiurudia asiusahau.

Nami tangu asubuhi ile sijui kama mama yangu alikuwa akiimba.